Nyirinyiri ya Mwalimu Galgalo

Nakumbuka Alhamisi moja hapa mtaani Chechelesi, Isiolo, nikiwa bado mwalimu kijana, nimekaa mlangoni na mguu wa mbuzi ndani ya karai, nikiwaza jinsi nitakavyomfanya mtu mmoja ale kwangu. Imenijia leo kwa sababu umenipigia simu, mwanangu, ukaniambia wenzako wa ofisini wanakuja kwako Jumapili mchana na unaona aibu kuwapa chakula kilichopoa. Tulia. Chakula kilichopoa kilinipa siku moja ambayo mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nitakueleza polepole, maana jambo hili lina pande mbili, na upande ambao hukuniuliza ndio mkubwa.

Mtu mwenyewe aliitwa Mwalimu Galgalo, naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu. Nilipotoka kwetu Meru kuja kufundisha Isiolo sikumjua hata mbwa wa mtaani. Galgalo ndiye aliyenitafutia chumba. Alisukuma mkokoteni uliobeba godoro langu mbele ya wanafunzi wake mwenyewe, wala hakuona haya. Nilipolazwa na malaria alifundisha darasa lake na langu, na kila jioni mtoto wake aliniletea chupa ya maziwa ya ngamia. Mtu kama huyo unamshukuru vipi? Sisi tunajua namna moja: aingie kwako, aketi, ale.

Ila Galgalo hakuwa anakula kwangu. Alikuja mara nyingi, akaketi, akacheka na sisi, lakini sahani ikifika alisema, "Nimeshiba, mwalimu. Nipe maji tu." Kwa walimu wengine waliotoka milimani kama mimi ilikuwa vilevile. Wapo walionong'ona kwamba anaringa. Mimi sikuamini, lakini iliniuma.

Sasa alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Oldonyiro. Shule ingefungwa Ijumaa, naye angesafiri Jumamosi asubuhi. Niliwaalika walimu wachache chakula cha mchana hiyo Ijumaa, baada ya wale Waislamu kutoka msikitini. Nilijiambia kwamba asipokula siku hiyo, ataondoka na deni langu la shukrani bila mimi kupata tena nafasi ya kulilipa.

Na saa hazikunitosha. Ijumaa ningekuwa shuleni nikigawa ripoti mpaka wakati wa wageni kufika. Ningepika saa ngapi?

Jirani yangu ng'ambo ya ua alikuwa bibi mmoja Mborana aliyeitwa Dhahabo. Mtaa mzima tulimwita Akoo, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Aliniona pale mlangoni.

"Mwalimu, kwani nani amekufa? Mbona unaangalia nyama hivyo?"

Nikamweleza. Nikamwambia nitaomba ruhusa niondoke shuleni mapema, nije niwashe jiko, niwapikie wali wa moto. "Siwezi kumpa mkubwa wangu kiporo, Akoo."

Alicheka mpaka akashika ua. "Kiporo ni chakula kimebaki. Kuna chakula inapikwa makusudi ndio ipoe. Vijana wetu wakienda malisho ya mbali na ngamia, unadhani kuna mtu anawafuata na jiko? Na wewe ukiwa huko nyuma unapuliza makaa, nani atakaa na wageni wako? Wamekuja kuangalia mgongo yako?"

Basi akaingia kwangu na kisu chake ili anifundishe nyirinyiri, nyama ya kukaangwa mpaka ikauke, inayokaa siku nyingi bila kuharibika. Aliketi, akavuta karai, akashika ule mguu. Kisha akasimamisha mkono.

"Hii mbuzi nani alichinja?"

"Kaka yangu, nyumbani Meru. Ameituma leo asubuhi na gari."

Akaweka kisu chini. Hakukiweka kwa hasira. Alikilaza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Huyo Galgalo anakula kwako?"

"Hapana. Kila siku ameshiba."

"Ameshiba!" Akapiga paja. "Mwanaume mrefu hivyo ameshiba nini? Chaki?"

Nikacheka. Yeye hakucheka tena. Alinitazama, akasema maneno ambayo nimeishi nayo tangu siku ile.

"Sikiza, mwanangu. Sisi tunakula nyama ile Muislamu amechinja, jina la Mungu ikitajwa. Unajua hiyo?"

"Najua hamli nguruwe."

"Hiyo ni nusu. Sasa Galgalo amekaa kwa kiti yako. Atakuuliza, 'Mwalimu, hii nyama nani alichinja? Hii sufuria jana ilipika nini?' Atauliza?"

Nikafikiri. "Hawezi."

"Hawezi. Akiuliza ni kama anakuambia nyumba yako ni chafu. Asipouliza, hawezi kula. Kwa hivyo anasema ameshiba. Umemwachia hiyo mzigo peke yake wakati huu wote. Mwenye nyumba ndiye anasema. Anasema kabla mgeni hajafungua mdomo."

Mwanangu, mimi nilikuwa nikinunua nyama mjini kwa wachinjaji Waislamu karibu kila wiki, na wiki nyingine nikipika ile ya nyumbani. Kwangu mbuzi alikuwa mbuzi. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyeketi kitini hana namna ya kujua leo ni ipi. Nilimshukuru Akoo papo hapo, na bado namshukuru.

Ule mguu wa kaka nikaupeleka kwa Mwalimu Ekai, Mturkana aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mke wake akaupokea kwa vigelegele. Kisha Akoo akanipeleka kwa Guyo, mchinjaji aliyekuwa shemeji yake, tukanunua nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa. Tulipikia kwa Akoo, kwa kisu chake na katika sufuria yake nzito, ile yenye kishikio kimoja. Sufuria hiyo hakuwa akimwazima mtu yeyote.

Shika namna yake, maana hata wewe utaihitaji. Nyama unaikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, na hapo usiwe na haraka. Unaibandika na chumvi na maji kidogo, uchemshe mpaka maji yaishe yote. Maji yakibaki, itaharibika. Ndipo unatia mafuta na kukaanga kwa moto mdogo, ukigeuza na kugeuza, mpaka vipande vikauke na kuanza kulialia chini ya mwiko. Mwisho ni kitunguu saumu, iliki iliyotwangwa na samli ya kufunika. Ukiepua, acha ipoe yenyewe. Kesho yake ni tamu kuliko leo, kwa sababu iliki imepata muda wa kuingia.

Chapati tulizipika jioni hiyohiyo, tukazifunga kwa kitambaa ndani ya bakuli lenye kifuniko ili zisikauke. Kachumbari niliikata asubuhi, nyanya mbali na vitunguu mbali, na chumvi sikuitia mpaka wageni walipofika, maana chumvi huitoa maji ikakaa kama supu. Chai ya iliki ikaingia kwenye chupa. Nilifunga mlango nikaenda shuleni, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na wageni njiani na jiko langu limezimwa.

Ijumaa ikafika. Ekai alitangulia, akinusa kabla hajaketi. Baadaye akaja Galgalo na kanzu yake kutoka msikitini, akapiga hodi, "Salaam aleikum, watu wa hapa." Nyuma yake alikuwa Madam Halima, aliyefundisha darasa la pili. Nikachukua birika na beseni, nikaanza kuzunguka wakinawa mikono. Akoo alikuwa ameniambia nisisimame kuhutubia kama chifu, neno la nyama niliseme tu kama mazungumzo mengine.

Nikafika kwa Galgalo. Akainua kiganja. "Mwalimu, mimi nime..."

"Nyama hii ni ya Guyo, Mwalimu," nikasema upesi. "Alichinja yeye mwenyewe jana. Nimeipikia kwa Akoo Dhahabo, kwa sufuria yake. Chapati pia ni za jiko lake."

Kiganja chake kikabaki juu.

"Akoo amekupa sufuria yake?"

"Amenipa."

"Ile ya kishikio kimoja?"

"Hiyo hiyo."

"Aa!" Akawageukia wengine. "Mimi nilimwomba hiyo sufuria harusi ya binti yangu. Alinifukuza!"

Tukaangua kicheko. Naye, akiwa bado anacheka, akakunja mkono wa kanzu na kunyoosha vidole juu ya beseni. Nikamwagia maji. Nakuambia ukweli, sikuweza kuona vizuri nilikokuwa nikimwaga.

Halima akafungua mkoba, akatoa ndizi mbili na kuziweka mezani. "Basi hizi nazo mle nyinyi. Mimi hubeba zangu nikialikwa. Leo sitaki ndizi."

"Mimi mguu wa kaka yako niliumaliza jana," Ekai akasema huku akivuta bakuli, "lakini mmenisikia nikisema nimeshiba?"

Galgalo akasema Bismillahi, akakata chapati, akachota nyirinyiri. Akala. Akaongeza. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimeketi pale pale pamoja nao. Sikuwa jikoni na moshi machoni. Niliyasikia yote: hadithi za shule yake ya kwanza, jinsi alivyoogopa wanafunzi waliokuwa warefu kuliko yeye, jinsi mimi nilivyoonekana siku niliposhuka kwenye gari na godoro. Wali wa moto ungeninyima hayo yote.

Alipoinuka kwenda, alisema bila aibu, "Mwalimu, iliyobaki nifungie. Njia ya Oldonyiro ni ndefu." Nikaijaza kwenye mkebe mpaka mdomoni. Mlangoni akanigeukia, akashusha sauti.

"Zile siku zote sikuwa nimeshiba."

"Najua, Mwalimu."

"Nani alikuambia?"

Nikaonyesha ng'ambo ya ua. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akaenda zake na mkebe kwapani.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Usione haya kwa chakula kilichopoa. Kipike Jumamosi kwa moyo wako wote, kifunike vizuri, kile cha kukaa kwenye friji kikae kwenye friji, na Jumapili uwape wageni uso wako badala ya mgongo. Lakini kabla ya yote fikiria kila atakayeketi: yupo asiyekula nyama ya kila mchinjaji, yupo aliyekatazwa sukari na daktari, yupo aliyefunga na hataki kutangaza. Kwa wale unaoweza, uliza mapema, mkiwa wawili. Na chakula kikifika mezani, sema wewe mwenyewe kimetoka wapi na kimepikwaje, ili mgeni wako asilazimike kuchagua kati ya kukuaibisha na kukaa na njaa. Mtu akikuambia ameshiba kila mara, usiseme anaringa. Jiulize ni neno gani hujamwambia.

Akoo alipohamia kwa mwanawe huko Kipsing, aliniachia ile sufuria. Tangu hapo haijapika nyama nyingine ila ile ambayo Akoo mwenyewe angeila. Pitia Jumamosi mapema uichukue, na usiirudishe na masizi.

Mungu akupe nyumba isiyokaukiwa na maji ya kunawa mikono. Akupe majirani watakaoweka kisu chini kwa upole pale unapokosea. Na wanaoingia kwako watoke wameshiba kweli, na kitu kidogo cha njiani kwapani.