Kichupa cha Kwa Jirani

Jirani yangu wa Ujiji, mjane aliyeuza dagaa kwenye mwalo wa Katonga, alipogundulika ana sukari kama mimi, nilimshauri anunue mashine ya kupimia ya aina ileile niliyokuwa nayo. Mashine si ghali. Kinachokumaliza ni vijiti vyake vya kuwekea tone la damu, vinavyouzwa ndani ya kichupa. Ukishafungua kichupa, baada ya miezi michache havifai tena, nami nilikuwa natupa karibu nusu. Roho iliniuma.

Tukaanza kununua kichupa kimoja kwa pamoja. Vijiti havigawanyiki, maana nje ya kichupa vinaharibiwa na unyevu wa ziwa, kwa hiyo kikakaa kwake. Kila Jumatatu na Ijumaa nilivuka ua kabla ya chai, na sindano zangu za kutobolea kidole mfukoni.

"Ngapi leo, Mwalimu?" aliniuliza hata kabla ya salamu. Sukari ikiwa juu, alinisema kwa Kiha, akidhani mtu wa kuja kama mimi haelewi. Nilielewa kila neno.

Mwaka jana mwanawe alikuja na boti, akamhamishia kijijini Mwamgongo. Kichupa aliniachia mimi.

Juzi, kwenye duka la dawa, nilinung'unika kwamba vijiti vinaniharibikia bure. Dada muuzaji akanionea huruma.

"Baba, tafuta mtu mwenye mashine kama yako, mchangie kichupa. Mtaokoa hela."

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikalipa, nikatoka. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sikuchukua chenji, na sikurudi kuifuata.