Sauti ya mwanangu naisikia mtambo ukikatika tu

Admin, naomba ulifiche jina langu na la mwanangu. Assalam aleikum kwa mnaoitikia, na wengine wote hamjambo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, nipo kijijini huku Kondoa, nalima uwele na alizeti. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea herufi mnivumilie. Naandika mwenyewe maana haya sitaki mtu wa hapa kijijini ayajue.

Nina mtoto mmoja tu, wa kike, nimwite Zai. Anafanya kazi Dodoma mjini, kwenye ofisi inayorusha mpira moja kwa moja kwenye simu za watu. Yeye si mtangazaji. Anakaa na mitambo, anachunga picha inayotoka uwanjani isikatike njiani. Kazi hiyo haina Jumamosi wala Jumapili, maana ndizo siku za mpira. Zamani alinipigia kila jioni. Siku hizi nikipiga mimi ananiambia, "Shikamoo mama, nipo mitamboni, nitakupigia." Naitikia marahaba, namwuliza umekula, kumbe nauliza simu iliyokwisha katwa.

Basi nikanunua simu ya tachi, binti wa jirani akanionyesha pa kubonyeza. Mpira wenyewe siujui, nani anafunga wapi sijui. Nilitaka tu nione kazi ya mwanangu. Siku ya kwanza picha ikakatika, likaja bango la rangi ya bluu, halafu nikasikia, "Ndugu watazamaji, samahani kwa usumbufu, tunarekebisha, tunarudi hivi punde." Ni Zai! Nilisimama nikaitika "Abee mwanangu" peke yangu ndani ya nyumba. Kumbe kila ikikatika, anayewatuliza watu ni yeye.

Tangu hapo sikosi mechi. Mama Rama jirani yangu ananicheka, "We bibi, uzee huu unatafuta namba kwenye timu?" Namwacha acheke. Mume wake ana redio, na redio inatangulia, nasikia anapiga kelele za goli wakati kwangu mpira bado upo katikati. Nilimwuliza Zai, akasema picha inachelewa njiani. "Hata mimi mama, ukinisikia nasema, nimeshamaliza kusema zamani." Sijui kwa nini neno hilo lilinichoma.

Siku hiyo alikuwa na nafasi kidogo, akanieleza na mengine. Mechi ikiwa kubwa, watu uwanjani wote wanashika simu, njia ya intaneti inajaa, picha ya akina Zai inakosa pa kupita. Na sisi tunaotazama tukiingia wengi kwa mpigo, mtambo unaelemewa. Nikajisemea kumbe na mimi namwongezea mwanangu mzigo. Mechi iliyofuata ilipokatika nikatoka haraka nimpunguzie. Nimekaa na simu imezima mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba nikitoka simsikii. Nikarudi mbio, bango limeshaondoka.

Sasa watu wakikatikiwa wanatukana kwa kuandika chini ya picha. "Rudisheni bando zetu!" "Mitambo ya mkaa hiyo!" "Aliyekaa hapo hajui kazi, atolewe!" Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikaandika pale pale wanapoandika wote: Msimtukane mwanangu, anajitahidi, hata chakula hajala. Mungu wangu, walivyocheka. Wakaniita Mama Mitambo. Mmoja akaandika, "Mama, mwambie mwanao achochee kuni, moto umezima!"

Kesho yake Zai akapiga mwenyewe. Nilifurahi kuona jina lake.

"Mama, uliandika nini kule?"

"Niliwaambia wasikutukane."

"Ofisi nzima sasa wananiita Hajala. Bosi naye kaona. Mama, nakuomba usiandike tena."

"Basi mwanangu, siandiki. Lakini ulikuwa umekula?"

Akasema, "Mama jamani," akakata.

Sijaandika tena. Nakaa pale dirishani mtandao unaposhika, namsikiliza tu. Na hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wangu. Mechi ikienda vizuri, kila mtu anafurahi, mimi moyo unasinyaa. Ikipita yote bila kukatika nazima simu, naenda jikoni, nasonga ugali wa mtu mmoja, sipati hamu. Nimejikuta nasema kimoyomoyo, ikatike, ikatike kidogo tu. Mimi mama yake mzazi, nasema hivyo juu ya kazi ya mtoto wangu.

Juzi akanipigia tena, sauti imekauka. "Mama, Jumamosi hii kuna mechi kubwa, watu watajaa kuliko siku zote. Tumeweka laini nyingine ya akiba, moja ikizima nyingine ishike. Tumeambiwa tukikatika na hii, wote wa mitamboni tunaondolewa. Mama, niombee dua isikatike."

Nikamjibu, "Nitakuombea mwanangu." Nikitaka kumwambia nimekukumbuka, naye keshaaga.

Tangu juzi kila nikimaliza kuswali nainua mikono. Naanza vizuri, Ya Rabi msimamie Zai wangu, picha yake isikatike, halafu naona Jumamosi nzima itapita sijamsikia, ulimi unakuwa mzito. Namwomba Mungu jambo ambalo moyo haulitaki, na Yeye anaona moyo. Naogopa ikikatika kweli itakuwa ni mimi. Naogopa pia kumwambia Zai nina upweke, asije akakaa kwenye mashine zake ananiwaza mimi, akakosea.

Sina wa kumwuliza hapa kijijini. Ninyi mliozaa, na ninyi mlio mbali na mama zenu, nielekezeni kabla ya Jumamosi. Nimpigie nimwambie namhitaji, au ninyamaze mpaka mechi ipite? Na nikishika mkeka wangu leo, nimwombeeje mwanangu?