Kidole Gumba cha Bwana Nguru

Nikiona msichana anacheza gemu kwenye simu huku amezima maikrofoni, moyo hunirudi Pate, kwenye chumba cha juu cha shangazi yangu. Enzi zile mtandao wa mji wetu ulikuwa na maringo, ukiutaka, uufuate. Wavulana waliufuata kwa pikipiki hadi Mtangawanda, wakakaa gatini kutwa wameinamisha vichwa. Mimi msichana sikuwa na gati la kukaa. Nilikuwa na dirisha la shangazi, na kwa rehema za Mola mtandao ulifika pale bila kuitwa.

Kazi ya shangazi ilikuwa kupaka hina. Chumba chake kilinukia hina mbichi na udi, na kila alasiri palikuwa na wanawake mkekani, mikono wameinyoosha, wanangoja ikauke. Wao walisema watu, mimi dirishani nikawapiga watu risasi, na hakuna aliyemwudhi mwenziwe. Nimeishi vyumba vingi tangu hapo. Sijapata kingine cha raha kama kile.

Gemu lenyewe lilikuwa la vita. Mnashushwa kisiwani wanne wanne, mnawindana mpaka libaki kundi moja. Katika kundi letu alikuwemo binamu yangu aliyeishi Amu, kisiwa cha jirani, ambaye alijua mimi ni nani, na vijana wawili wa mjini kwetu ambao hawakujua. Binamu aliwaambia mimi ni rafiki yake, basi. Nilijiita Nguru, kama samaki, na sikufungua maikrofoni hata siku moja; niliandika tu. Kwa kuwa nilikuwa na shabaha, wale wawili wakaniita Bwana Nguru. Hawakupita njia kabla ya kumwuliza Bwana Nguru. Leo nina kazi na cheo chake, lakini heshima ile sijaiona tena.

Siku moja tulibaki sisi na kundi jingine moja tu. Mmoja wa wale vijana alikuwa amejibanza ukutani, na adui anamjia kwa nyuma. Kuandika kungechelewa. Nikafungua maikrofoni, nikamwambia ageuke. Akageuka, akampiga, tukashinda. Hakuna aliyeshangilia. Kisha yeye yule niliyemwokoa akauliza, "Kumbe ni mtu muke?"

Kuanzia hapo nikawa Bi Nguru. Niende jikoni nikakaangwe. Maneno yakapelekwa kwenye kundi la gumzo la wachezaji wa pwani nzima, na watu nisiowajua wala wasionijua wakadakia. Wengine walitaka picha yangu. Wengine waliandika habari za mwili wangu, mambo ambayo sitayarudia hapa kwa sababu mama yangu anajua kusoma. Nililia, nakiri, nikiwa nimeelekea dirishani ili wanawake wa mkekani wasinione.

Hasira hasara. Nilitaka kuwaonyesha kwamba siku ile niliyeangusha maadui wengi kuliko wote ni mimi. Simu yangu ilikuwa imepasuka pembeni na imejaa, haikubali picha mpya, basi nikaipiga picha kwa simu ya shangazi, hesabu ya ushindi ikionekana vizuri, nikamtumia binamu aitie kwenye kundi. Sikuona kwamba kidole changu gumba kimeingia pichani.

Wiki ile palikuwa na harusi. Sisi wasichana hatukupakwa maua mikono mizima kama wake za watu. Tulipakwa kidogo tu, na kidole changu gumba kilikuwa na kimwezi na nukta tatu. Shangazi alijivunia jambo moja duniani: tangu aanze kazi hajapaka mikono miwili sawa. Kijana mmoja alimwonyesha dada yake ile picha. Dada akaitambua hina, akataja mlango wetu.

Siku ya pili nilitumwa dukani, na kutoka baraza hadi baraza nikasindikizwa na habari za kukaangwa. Wazee waliuliza kuna nini. Wakaelezwa, kwa namna ya vijana ya kueleza. Kabla ya alasiri habari zilimfikia mama kwamba bintiye hushinda kwenye simu na wanaume.

Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wake ule wenye kovu la mbuzi ya nazi, kovu lililopasua ukucha wa kidole gumba katikati, nikamwekea simu kiganjani. Akaifungia ndani ya kasha, chini ya nguo zake za Idi, akasema nisiende tena kwa shangazi. Waliotukana wao, aliyefungiwa mimi. Gemu ningeweza kulikosa. Kilichonichoma ni kufikiri kwamba mama ameyaamini yale maneno, na kwamba akinitazama anamwona yule waliyemwandika wao.

Shangazi alisubiri harusi iliyofuata. Wanawake walipojaa chumbani kwake aliwaeleza kisa chote bila kuficha neno, kisha akawaambia, "Mkono mmoya huyulikana. Mikono ishirini haina mwenyewe." Akaanza. Kila aliyeketi alitoka na kimwezi na nukta tatu kwenye kidole gumba, msichana au mke wa mtu. Bibi mmoja mzee alidai apakwe vyote viwili. Wanasema alipofika mkono wa pili ulio sawa na wa kwanza, shangazi alivuta pumzi ndefu, akafuta mikono, akaendelea.

Binamu yangu aliwatumia ile picha ya ushindi. Kila mmoja akaifungua kwenye simu yake, akaishika kidole kikiwa pembeni, shangazi akapiga picha. Kisha binamu akazimwaga picha zote kwenye kundi, moja baada ya moja, akaandika: haya, Nguru ni yupi? Vijana wa kwetu wakakoma. Walikuwa wanaitazama mikono iliyowalisha uji. Wale wa mbali waliendelea kutukana siku kadhaa, na wengine wao, nadhani, wanaendelea hadi leo mahali fulani.

Mimi haya yote nilisimuliwa, kwa kuwa nilikuwa nimefungiwa. Shangazi ndiye aliyekuja nyumbani mama akiwa hayupo, akanikalisha, akanipa simu yake nizitazame. Nilimtambua kila mtu kwa mkono wake, tukacheka. Nikafika ya mwisho. Mkono ule haukuwa na hina nyingine yoyote. Ukucha wa kidole gumba umepasuka katikati, na simu iliyoshikwa imepasuka pembeni. Skrini yake ilikuwa nyeusi tii, maana betri ilikuwa imekufa ndani ya kasha, na mwenye kuishika hakujua pa kubonyeza.

"Nilimweleza azma yangu usiku; alikuya asubuhi, kabla ya wote," shangazi akasema. "Alinambia nimpake kama wewe, asizidishiwe kitu."

Kesho yake niliikuta simu juu ya mto wangu, imejaa chaji. Alipokuwa akikuna nazi nilikiona kimwezi kinapanda na kushuka, nikatoka haraka ili nisilie mbele yake.

Alasiri nilikuwa dirishani kwa shangazi. Wale wawili walikuwa kwenye gemu, na binamu pia. Nikafungua maikrofoni kabla hatujashushwa kisiwani, nikawatolea salamu. Kila mtoto wa Pate hufundishwa katika chuo cha Kurani kwamba kutoa salamu ni suna, kuijibu ni faradhi. Nilidhani wataondoka. Kisha akajibu yule niliyemwokoa, kwa sauti ya chini.

"Waalaikum salaam, Nguru."

Hakutanguliza Bwana wala Bi.