Dot Pelkey Alipotaja Anapolala

Imepita! Kura mia moja arobaini na mbili kwa mia moja thelathini na tisa, yaani tofauti ya tatu tu, na hifadhi yetu ya usiku, pale wanapolala wasio na nyumba, haifungwi. Mikono yangu bado inanuka donati maana darasa letu ndilo lililokuwa linauza pale mkutanoni, ila acha niwasimulie kabla sijasahau.

Hapa Corbin Mills, Vermont, kila Machi watu wazima wanajaa ukumbi wa shule kupigia kura matumizi ya kodi yao, kifungu kimoja kimoja. Cha kumi na nne kilikuwa hiki: mji utoe dola elfu thelathini na nane kwa mwaka kuendesha hifadhi iliyo kwenye jengo la zamani la zimamoto. Ilianza Desemba kwa michango, michango ikaisha, na bila kura ingefungwa tarehe kumi na tano. Pale mlangoni huulizwi kitambulisho, hupimwi pombe, na mbwa wako anaingia. Ndiyo maana wengine hawaitaki.

Sasa, Bi Dot. Dot Pelkey anaendesha basi la shule mwaka wa ishirini na tatu huu. Alimbeba mama yangu, ananibeba mimi. Ukichelewa anapiga honi mara moja, ya pili hakuna, utakimbia na kiatu kimoja. Novemba niliona kitu. Asubuhi alikuwa anakwangua barafu kwenye vioo vya gari lake dogo, lakini kwa ndani. Nikawaza wiki nzima. Barafu inaingiaje ndani? Nikatafuta kwenye simu, kumbe ni pumzi. Mtu akilala humo, pumzi yake inaganda kwenye kioo. Nikamuuliza, "Bi Dot, nani analala kwenye gari lako?"

"Kaa chini wewe, watu wanachelewa."

Basi nikakaa.

Jana ukumbini palikuwa pamejaa. Kwenye mkutano huu huruhusiwi kumsemesha mwenzako. Kila neno linapitia kwa mwenyekiti, mzee Hollis, hata kama ni tusi. Gordon Tatro mwenye duka la mbao akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, waambie walioleta kifungu hiki kwamba mlango usiouliza mtu jina utatuletea wageni wa jimbo zima."

Mama mmoja nyuma akadakia, "Bwana Mwenyekiti, mkumbushe Gordon babu yake alifika hapa na mbuzi wawili, na hakuna aliyemuuliza jina."

"Bwana Mwenyekiti, walikuwa kondoo," Gordon akasema, watu wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. "Na hifadhi si ipo kule mji mkubwa? Mwendo wa saa moja tu kwa gari. Waende kule."

Hapo Bi Dot akaenda kwenye kipaza sauti. Lazima utaje jina na barabara unayoishi.

"Dot Pelkey," akasema. Barabara hakuitaja.

"Na barabara, Dot?" Hollis akauliza polepole. "Ni kwa ajili ya karani tu."

"Nilikuwa Barabara ya Tannery. Mwenye nyumba aliuza Agosti, sasa wanakaa wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Nikalala garini mpaka Desemba. Siku hizi nalala jengo la zimamoto. Kitanda cha karibu na mlango."

Mama yangu aliacha kufuma. Mimi nilishika donati ya mtu nikasahau kumpa.

Gordon akasimama tena. "Bwana Mwenyekiti, si kwa ubaya. Asiye na nyumba anaruhusiwa kusema hapa?"

Karani, Bi Lorna, hata hakufungua kitabu. "Anayelala ndani ya mpaka ni wa hapa. Sheria haiulizi godoro ni la nani."

"Gordon, wewe..." Bi Dot akaanza.

"Kupitia kwangu, Dot."

"Kupitia kwako, basi. Mwambie Gordon hifadhi ya mji mkubwa inafunga mlango saa kumi na moja jioni. Mimi namshusha mtoto wa mwisho, wale wa mazoezi ya kikapu, saa kumi na moja na dakika ishirini. Mtoto mwenyewe ni wa kwake."

Akarudi kukaa.

Kura ya sauti haikueleweka, ndiyo na hapana zote zilitikisa ukumbi. Ikabidi watu wasimame wahesabiwe, Bi Lorna akihesabu kwa penseli, mara mbili. Gordon alisimama upande wa hapana.

Halafu akaja foleni ya donati, nyuma ya Bi Dot.

"Hapo mlangoni si kuna baridi?" akamuuliza.

"Ipo. Ila nikitoka alfajiri kupasha basi moto, siamshi mtu."

Gordon akanunua donati mbili, moja akampa Bi Dot. Mimi huyu Gordon bado simwelewi.

Bi Dot ameniruhusu kuandika, mradi nisiweke picha. Mji wa jirani, Upper Dunmore, unapigia kura hifadhi kama hii Jumanne. Kama una mtu kule, tafadhali mtumie hii asome.