Siku Wote Walipoinua Mikono kwa Ajili ya Nang'ondo

Harufu ya ndizi zilizovundikwa shimoni ndiyo kitu cha kwanza ninachokikumbuka katika dunia hii, kwa sababu nilitumbukia humo. Nilikuwa na miaka minne, labda mitano, kwetu hakukuwa na mtu wa kuandika. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shimo nyuma ya nyumba, analitandika majani makavu ya mgomba, anapanga ndizi mbichi, anafunika kwa majani na udongo, kisha anapuliza moshi uingie kwa tundu la pembeni. Siku ya tatu alifunua kidogo ili achungulie, akaenda kuamkiana na jirani, na mimi nikachungulia vizuri kuliko yeye. Nilizama mpaka kwapani. Joto, moshi, na utamu mzito uliopanda puani ukakaa humo wiki nzima. Aliponitoa hakunipiga. Alizikagua ndizi kwanza, halafu ndipo akanikagua mimi.

Ndizi hizo alizibeba kichwani kuteremka mlima wa Uluguru mpaka sokoni Morogoro mjini, safari ya kutwa, na mteja akimwuliza zimetoka wapi alijibu bila kupepesa macho, "Matombo." Sisi hatukuwa Matombo. Kitongoji chetu kilikuwa upande mwingine kabisa wa mlima, lakini Matombo ilijulikana, hata kwa Waarabu wenye maduka. Nilipokua kidogo nikafuatana naye, nikamwuliza kwa nini anadanganya. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nikitaja kwetu wataniuliza ndiyo wapi huko, na mimi shingo inauma." Kumbe kuna mahali pana jina, na kuna mahali pana watu tu. Jambo hilo liliniingia kichwani likakataa kutoka, nami toka siku hiyo sijatulia. Hata sasa naandika nikisimama, naenda mpaka mlangoni, narudi.

Lazima niseme habari za baba. Kwetu, wakati ule, mwanamume akioa alihamia kwa mke. Shamba ni la ukoo wa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Baba yangu alikuwa mtu wa kusini, karibu na mto Ruvuma, aliyeletwa kukata mkonge katika mashamba ya upande wa Kingolwira. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alipanda mlimani, akamwoa mama, akawa mkwe. Kijiji chake kiliitwa Nang'ondo. Alilitaja jina hilo mara moja tu, siku ya posa, alipoulizwa anatoka wapi, na mjomba akalidaka kama mpira. Toka hapo kila pombe, kila msiba, kila siku ya kuezeka nyumba, mjomba aliuliza, "Shemeji, hivi hiyo Nang'ondo iko duniani, au mlikuwa mnahama nayo mgongoni?" Ni utani, na utani wa mashemeji hauna kesi. Watu walicheka. Baba naye alicheka, lakini mimi nililala chumba kimoja naye, na nilijua kwamba baada ya kicheko kile hasemi na mtu siku mbili. Katika miezi ninayoisimulia siku mbili zilikuwa zimefika tano. Mama alianza kuhesabu nguo za baba kwenye kamba. Nilimwona. Niliogopa kwamba baba ataondoka.

Nilikuwa darasa la nne, na ndilo la mwisho nililosoma, msije mkanidhania mengine. Mwalimu wetu alikuwa kijana mrefu kutoka mjini, Kilakala, mwenye ramani ya kitambaa aliyoitundika kwa miiba ya mchungwa. Kila Ijumaa alitupa chemsha bongo ya jiografia. Taja mto maarufu. Taja mji maarufu. Mara ya kwanza niliposimama kutaja miji mitano maarufu ya nchi yetu, nilitaja vitongoji vitano ambako wajomba zangu wadogo walikwenda kuoa. Darasa zima likakubali, maana kwao pia miji ilikuwa hiyo! Mwalimu alikaa chini akashika kichwa.

Basi tukaanza kubishana, na ubishi huo ulichukua msimu mzima wa mvua. Mahali panakuwaje maarufu? Zena, binti wa mjomba, alisema ni lazima pawe na kituo cha treni. Mwingine akasema pawe na jela, kwa sababu hata asiyetaka kwenda anapajua. "Basi Kingolwira ni kubwa kuliko Dar es Salaam," mwalimu akasema, "ina vyote viwili." Zena akamjibu, "Ndiyo, mwalimu, na huko Dar es Salaam nani kati yetu ana ndugu?" Mwisho mwalimu alichoka, akatoa sheria yake: mahali maarufu ni pale ambapo hata asiyefika amepasikia. Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwepo, kila mtoto atataja mahali pamoja. Waliosikia habari za mahali hapo watainua mikono. Mwenye mikono mingi ndiye mshindi.

Nilisikia sheria ile nikapata homa. Nani mlimani kwetu hakuwahi kusikia Nang'ondo? Mjomba alikuwa ameitangaza miaka kumi! Niliona kwamba mikono ikiinuliwa, mbele ya mwalimu na ramani yake, utani utakwisha, kijiji cha baba kitakuwa mji kama miji, na baba hatakuwa na sababu ya kufunga nguo zake. Sikumwambia mtu.

Hapa nasimama tena. Majuzi nilikuwa kwa binti yangu anayeishi Mafiga, mjini, wajukuu wamelala kifudifudi kwenye mkeka wanacheza chemsha bongo ya simu. Simu ikauliza ni mji gani unaitwa mji kasoro bahari, wakapiga kelele, "Morogoro!" Hawabishani hata kidogo. Kwa hawa, mahali maarufu ni pale ambapo simu imeuliza, basi. Nikamwomba mkubwa wao aandike Nang'ondo. Akaandika, ikamletea duka la vipuri vya pikipiki. "Babu, hakuna kitu kama hicho." Nikainuka nikaizunguka nyumba. "Babu, kaa basi!" Nitakaa nikichoka. Sisi hatukuwa na cha kutuambia kitu hakipo; ilibidi tuulizane, na kuuliza kwetu kuliumiza mtu.

Siku ya kufunga shule Zena alitaja Mombasa, akapata mikono kama kumi na mitano. Ikafika zamu yangu. Nikasema kwa sauti kubwa, "Nang'ondo." Halafu mjomba akainua mkono, akaongeza wa pili, na watu wote wa kitongoji wakainua, hata bibi, hata vikongwe wasiosikia vizuri, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nilishinda. Hakuna aliyewahi kuona mikono mingi kiasi kile. Nikamtafuta baba. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, yeye peke yake ameweka mikono magotini.

Mwalimu hakujua lolote la kwetu. Akafurahi kweli, akaniuliza, "Vizuri sana. Sasa tuambie, Nang'ondo panajulikana kwa nini?" Miaka yote nililala chumba kimoja na mtu wa Nang'ondo, wala sikuwahi kumwuliza kama kuna mto, kama kuna mawe, kama mama yake yuko hai. Mjomba akanisaidia: "Panajulikana kwa wanaume wasiojua njia ya kurudi!" Shule nzima ikaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kwa adabu, akaona watu wote wamemgeukia baba, kisha akasema, "Kama mwenyeji yupo, atueleze mwenyewe. Shikamoo, mzee. Karibu mbele."

Baba alisimama. "Marahaba," akasema. Alinitazama, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha njia panda, na kwa kitambo nilidhani atasema. Akavaa kofia yake, akapita mlangoni. Kupitia dirishani nilimwona akiifuata njia ya kuteremka, mikono mitupu, hatua zile zile za kila siku za kwenda shamba. Mama alikuwa akiwaambia watu wampishe mtoto apite, mwalimu alikuwa akiniitia daftari la zawadi, na yeye akafika kwenye kona ya migomba, hakugeuka, akaendelea kushuka, na hakurudi tena.