Faili Langu kwenye Foleni ya Sukari

Kazi yangu ya utafiti ilikuwa kuwahoji watu wa foleni ya sukari, duka la ushirika, Kariakoo. Siku ya kumi na moja hamu ikaniisha kabisa. Nikaacha faili lenye majibu yao chini linishikie nafasi, kama wenzangu walivyoacha mawe na vikapu, nikaenda kupumzika kwa muuza kahawa. Nilipatana na nafsi yangu kikombe kimoja; tukaafikiana vinne.

Niliporudi, foleni imekwisha na faili halipo.

"Pole, ndugu," akasema muuzaji wa duka. "Karatasi za kufungia sukari ziliisha, tukatumia zile za faili lako. Watu wameshukuru sana."

Nikageuka nikimbie. Nyuma yangu kasimama mkuu wangu wa utafiti, kashika kifurushi cha sukari, anasoma mwandiko wangu.

"Hii moja nimeipata," akasema. "Zilizobaki ziko wapi?"