Ufa wa Birika la Mkwiro

Harufu ya mafuta ya papa ilijaa nyumba yetu mpaka kwenye mashuka, nami niliipenda kuliko udi. Baba alikuwa fundi wa kutia kalafati: aliziba mianya ya mbao za vyombo kwa pamba iliyolowa mafuta hayo, akiigongomea kwa patasi butu mpaka chombo kisiingize hata tone. Mkwiro nzima ilimjua, naye alijijua zaidi. Basi masika ya kwanza baada ya uhuru yalipokaribia, bendera mpya bado haijapauka, likaonekana birika la kijiji lina ufa kutoka ukingoni hadi karibu na sakafu. Hakuna aliyeuliza nani atauziba.

Kisiwani kwetu maji matamu yalikuwa ya mvua, tuliyoyakinga katika birika lile la saruji. Likikauka, wanawake na watoto wa kike walivuka kwa mashua hadi Shimoni kuteka, na siku ikaishia huko. Nilikuwa na miaka minane na hamu moja tu, skuli. Baba alikuwa amekwisha kukata shauri: "Birika likishika maji, utasoma. Lisiposhika, nani atamsaidia mamako kuvuka?" Kwa hiyo niliuona ufa ule kuwa wangu. Kila asubuhi nilikwenda kuupima kwa kidole, nao ulimeza ncha yake bila taabu.

Baba aliuziba kwa namna aliyoijua: pamba, mafuta, patasi. Nilirukaruka pale ukingoni kama niliyekwisha kupewa kitabu. Kumbe mbao hunywa maji zikavimba na kuibana pamba, na saruji haivimbi. Mvua ya kwanza ilishuka mchana, tukakimbilia birikani tumelowa chapachapa. Maji yalipanda, yakapanda, kisha yakaanza kushuka, pamba za Baba zikielea juu na birika zima likinuka papa. Wanawake walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mimi nililia kwa sauti, wala sikuona haya.

Mama alingoja mpaka tulipofika nyumbani. Babake alikuwa mwashi kule Msambweni, naye utotoni alimbebea chokaa.

"Baba Mwanasha, uniwie radhi," alisema. "Ufa ule sharti upanuliwe."

"Upanuliwe! Nimeambiwa nizibe, wewe wataka nibomoe?"

"Saruji haishiki penye mafuta, wala haiingii penye wembamba ule. Chimba mpaka uone pasafi, ndipo uzibe."

Baba alinuna siku nzima, hata chai hakuigusa. Kesho yake alichukua nyundo, akasimama mlangoni. "Haya, twende ukanionyeshe," alisema, bila kumtazama.

Kila pigo la patasi lilinipiga moyoni. Ufa wangu mwembamba uligeuka mfereji wa kupitisha mkono mzima, nami niliamini wazazi wangu wameingiwa na wazimu wote wawili. Mama aliusugua, akaulowesha, akachanganya saruji na mchanga uliooshwa chumvi, akaishindilia kwa mwiko tabaka baada ya tabaka. Kisha akafunika kwa magunia mabichi, akanipa kazi: magunia yasikauke, la sivyo saruji itapasuka upya. Siku saba nilinyunyiza maji huku nikiyatazama mawingu. Watu wote waliomba mvua, na mimi kwa siri nilimwomba Mungu aizuie kidogo. Nilikuwa na furaha ya ajabu na hofu ya ajabu, nikawa silali usiku wala sili vizuri.

Siku ya nane ikanyesha ya kumwaga. Ilipokatika, Baba alichora mstari wa mkaa pale maji yalipofika. Asubuhi nilitangulia mbio, kanga mkononi. Maji yalikuwa palepale mstarini, safi, hayanuki kitu. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka watu wakatoka msikitini kuuliza nani anaolewa.

Siku hizi wajukuu zangu wana tangi la plastiki mlangoni, na maji ya bomba yakikatika kwa saa moja tu hununa. Sitawadanganya kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Mashua zile zilituchosha, na nashukuru hawazijui. Ila kila nikiwapigia simu huniambia hawana wakati, na hapo humkumbuka Mama siku yangu ya kwanza ya skuli. Nilikuwa nikikariri herufi, nikainua macho, nikamwona dirishani na debe lililojaa kichwani, na jua bado halijapanda sana. Zamani saa hiyo angekuwa bado baharini. Mwalimu alimuuliza kama amekuja kunichukua. Mama alilitua debe chini taratibu, akaegemea dirisha, akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

"La, mwalimu, endelea tu. Nina wakati."